Ukibaguliwa Kigoma kwa Sababu ya Ugeni: Pa Kuanzia na Pa Kupeleka Shauri

Kuitwa "Mrundi" au "Mkongo" kwa kejeli mwaloni Kibirizi kunaumiza, ila peke yake ni vigumu kukufungulia shauri. Kinachofungua shauri ni kitendo: umefukuzwa kazi, umelipwa pungufu kuliko mwenzako, mtoto amekataliwa shuleni, umepigwa. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inakataza ubaguzi, na katika sababu inazozitaja zimo utaifa, kabila na mahali mtu alipotokea.

Si kila unachonyimwa ni ubaguzi, lakini. Kura ni ya raia. Asiye raia hamiliki ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na hapa ndipo wengi huliwa: mgeni ananunua kiwanja Gungu kwa jina la rafiki, rafiki anageuka, na mnunuzi hana karatasi hata moja ya kumsaidia. Aliyepewa uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba, kama familia nyingi zenye asili ya Burundi za Ulyankulu, Tabora, ni raia na anamiliki ardhi kama jirani yake. Akiulizwa, aonyeshe nakala ya cheti. Halisi kibaki nyumbani.

Kabla ya kulalamika, kagua karatasi zako mwenyewe, kwa kuwa mlalamikiwa ataanzia hapo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, na afisa mtendaji wa kijiji ni mmoja wa wanaoweza kumpokea. Mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu anayekwenda mjini awe na kibali cha kutoka kambini. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hupata pasi ya matembezi ya hadi miezi 6, ila pasi hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Asiye na kibali cha kazi yuko pabaya zaidi: mwajiri anaweza kudai kwamba mkataba wenyewe haukuwa halali, na hoja hiyo imewahi kukubaliwa mahakamani.

Mambo ya kazi ndiyo yenye njia iliyonyooka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa utaifa au mahali pa asili. Ukishaonyesha dalili za wazi za ubaguzi, mzigo unamhamia mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba haukutokea, au kwamba sababu ilikuwa nyingine. Kwa hiyo usipoteze nguvu kueleza ulivyoumia. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa, aliyekuwepo, na hasa jina la mwenzako anayefanya kazi ileile pamoja na ujira wake. Tunza ujumbe wa simu na miamala ya malipo. Ukibadilisha simu, hamisha kwanza.

Shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba CMA F.1. Nakala apewe mwajiri kwanza, akusainie kwamba amepokea, ndipo uwasilishe na uthibitisho huo. Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30. Madai mengine, siku 60. Siku hizo 30 au 60 huishia kwenye vikao vya ukoo na ahadi za bosi za "njoo wiki ijayo". Suluhisheni mkipenda, lakini fomu iwe imeshaingia.

Kwa shule, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja ukimbizi waziwazi kati ya sababu ambazo mtoto hawezi kubaguliwa kwazo. Omba mwalimu mkuu aandike sababu ya kukataa, kisha uende kwa afisa elimu wa kata na ustawi wa jamii wa halmashauri.

Ofisi ya umma ikikubagua, mlango ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kulalamika ni bure, ila haichunguzi jambo lililoko mahakamani, basi chagua kabla ya kufungua kesi. Ukipigwa, nenda polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako. Majeraha yakiwa mabaya, hospitali kwanza.

Polisi au CMA, usisaini maelezo usiyoyaelewa. Omba mkalimani. Kirundi na Kiha vinasikilizana, lakini shemeji wa bosi aliyejitolea kutafsiri si wa kumkubali.