"Sawa" yako isigeuzwe saini

Niliwahi kukaa jikoni kwa jirani yangu, mama wa Kikongo, afisa wa ustawi wa jamii yuko mbele yetu na mkalimani yuko kwenye spika ya simu. Kila sentensi ikiisha, mama anaitikia "sawa". Sawa ya namna hiyo ni nimekusikia, endelea. Afisa akaandika kwamba amekubali. Chai haijapoa, fomu iko mezani na kalamu juu yake. Mama akasaini.

Kwa walioko England, fomu hiyo mara nyingi ni ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya 1989: mzazi anaridhia mtoto alelewe na halmashauri, pasipo jaji kuamua. Ukiwa unalazwa kwa upasuaji na huna wa kukushikia watoto, inafaa kabisa. Ubaya ni kusaini kwa woga, au kwa adabu.

Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilielekeza makubaliano haya yaandikwe, yaeleze wazi kuwa mzazi anaweza kumchukua mwanawe wakati wowote, na asiyejua Kiingereza vizuri apewe nakala ya lugha yake, asaini hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikasema huo ni utaratibu mzuri tu, si sharti la sheria. Basi nakala ya Kiswahili iombe mwenyewe. Mtoto wako asiwe mkalimani, hata awe anatiririka Kiingereza.

Sema: "Nimeelewa, lakini sijakubali. Nataka wakili kwanza." Halmashauri inaweza kwenda mahakamani, na polisi wakiona hatari kubwa wanaweza kumshikilia mtoto hadi saa 72. Lakini halmashauri ikifungua kesi ya kumchukua mtoto, mzazi hupewa wakili wa bure hata kama ana kipato. Wengi wetu tunaiogopa mahakama. Mimi naona huko angalau yupo wa kuihoji halmashauri. Na kama ulishasaini, unaweza kuiondoa ridhaa yako. Iondoe kwa maandishi, kwa mkono wa wakili.

Taja ndugu mapema, kwa majina na namba za simu, maana mtoto akichukuliwa ndugu na marafiki hufikiriwa kabla ya wageni. Fafanua udugu wenyewe: "mama mdogo" akitafsiriwa neno kwa neno huonekana binti aliyezaa akiwa mdogo.

Jirani yangu alikuwa na dada mtaa wa pili. Hakuna aliyemuuliza, naye hakujua kama anaruhusiwa kumtaja.