Jinsi ya kumfuatilia mfalme Gwanggaeto wa Goguryeo kuanzia kwenye jiwe lake

Wengi wanaomjua Gwanggaeto, mfalme wa Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, wamekutana nae kwenye tamthilia za Kikorea, farasi, deraya zinang'aa, mapenzi ya kuumiza roho, alafu wakitaka kujua jamaa alifanya nini haswa wanasoma makala tatu nne na kila moja ina miaka yake. Moja inasema alianza kutawala 391, nyingine 392, huku amekufa 412, kule 413. Usichanganyikiwe, kuna sababu na nitaieleza hapo chini. Uzuri ni kwamba huyu mfalme ana kitu ambacho wafalme wengi wa Korea wa zama zile hawana: mwanae Jangsu alimsimamishia jiwe mwaka 414, jiwe lipo hadi leo, na limechongwa habari zake mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo anzia kwenye jiwe, vitabu vifuate.

Jiwe lenyewe liko Ji'an, mkoa wa Jilin, upande wa China, karibu na mto Yalu unaopakana na Korea Kaskazini, maana makao makuu ya Goguryeo yalikuwa huko kabla ya Jangsu kuyahamishia Pyongyang mwaka 427. Ni bonge la jiwe, zaidi ya mita 6 kwenda juu, limeandikwa pande zote nne kwa herufi za Kichina zinazokaribia 1,800. Kama hujui Kichina tafsiri za Kiingereza zipo mtandaoni, ila ukitafuta usitumie jina moja tu. Alipozaliwa 374 aliitwa Damdeok, Gwanggaeto ni jina la baada ya kufa, Wachina wanamwita Haotai Wang, vitabu vya zamani vinaandika Kwanggaet'o, na wale waliofanya taekwondo ya ITF (moja ya mashirikisho ya kimataifa ya mchezo huo) wanamjua kama Kwang-Gae, ile tul, yaani mfululizo wa miondoko, ya mkanda mweusi dani ya kwanza yenye miondoko 39, inayohesabiwa kutokana na tarakimu mbili za mwanzo za 391.

Kabla hujagusa vita vyake rudi nyuma kizazi kimoja viwili, la sivyo utaona ni ubabe tu usio na sababu. Mwaka 342 watu wa Yan kutoka kaskazini mwa China walivamia makao makuu ya Goguryeo, wakafukua maiti ya mfalme Micheon wakaondoka nayo pamoja na mama mfalme na mateka kama 50,000. Mwaka 371 Baekje, wale jirani wa kusini, wakamuua mfalme Gogukwon vitani pale Pyongyang, na huyo ni babu yake Damdeok. Alafu akaja baba mkubwa wake, Sosurim, ambae kwa maoni yangu hapewi sifa zake: 372 akapokea Ubuddha na kufungua chuo cha kusomesha maofisa, 373 akatoa sheria za nchi. Yaani kijana alipokalia kiti alikuta nchi imeshakarabatiwa, yeye akaiwasha moto.

Sasa hesabu ya miaka, hapa ndo watu wanapotea. Jiwe linatumia miaka ya utawala wake, unaitwa Yeongnak, na mwaka wa 1 ni 391. Kwa hiyo ukiona mwaka wa Yeongnak ongeza 390, basi: mwaka wa 5 ni 395, wa 6 ni 396, wa 10 ni 400, wa 20 ni 410. Kitabu cha Samguk Sagi, historia ya falme za kale za Korea, alichokiandika Kim Busik mwaka 1145, zaidi ya miaka 700 baadae, kinaanza kuhesabu 392, ndo maana kwenye kitabu mwanzo wa utawala wake na kifo chake vimesogea mwaka mmoja mbele. Jiwe ni la zamani zaidi, lifuate hilo. Na umri pia angalia, jiwe linasema alianza akiwa na 18 akafa na 39, lakini kwa hesabu ya kule mtoto anazaliwa tayari ana mwaka 1, kwa hiyo kwa hesabu yetu punguza.

Ukishajua hilo chukua daftari, chora safu mbili, kushoto jiwe, kulia Samguk Sagi, ujaze mwaka kwa mwaka. Mwaka 395 jiwe linasema aliwapiga Biryeo, wafugaji wa kaskazini magharibi, akavunja kambi zao 600 au 700 na kuswaga ng'ombe, farasi na kondoo wasiohesabika. Mwaka 396 ndo ule mkubwa, aliongoza jeshi mwenyewe kwenda Baekje, akavuka mto Ari, ambao ndo Han unaopita Seoul ya leo, akazingira mji hadi mfalme wa Baekje akatoka, akapiga magoti, akatoa watu 1,000 na majora 1,000 ya kitambaa, akaapa atakuwa mtumwa wake milele. Gwanggaeto akaondoka na ngome 58, vijiji 700, mdogo wake yule mfalme na mawaziri 10. Kumbuka tu aliyechonga ana chuki yake, hata jina la Baekje amelibadilisha makusudi likawa kama tusi, kwa hiyo hayo magoti soma ukijua ni upande mmoja unaongea.

Nenda sasa 400, hapa safu mbili zinalipa. Kushoto, jiwe: Silla, ufalme mwingine wa Korea, wameomba msaada maana watu wa Wa, yaani Wajapani wa wakati ule, wamejaa nchini kwao, Gwanggaeto anatuma askari 50,000 wa miguu na wa farasi, wanawafukuza hadi Gaya kule kusini kabisa. Kulia, Samguk Sagi: safari ya Silla haimo kabisa, ila mwaka huohuo mfalme wa Yan anaingia na askari 30,000, anateka ngome za Sinseong na Namso na kuhamisha kaya 5,000. Ukiziweka pamoja unaona jeshi liko kusini na adui anaingia kwa mlango wa nyuma! Kwenye jiwe hilo pigo halimo, mtoto hawezi kuchonga kichapo cha baba yake kwenye kaburi. Baadae, 402, Gwanggaeto akalipiza kwa kuishambulia ngome ya Sukgun hadi gavana wa Yan akaiacha akakimbia, na hilo nalo utalipata kwenye safu ya kulia tu.

Kuna sehemu zilizofutika, ziache hivohivo. Mfano mwaka 407 jiwe linataja askari 50,000 wengine na deraya zaidi ya 10,000 zilizotekwa, ila jina la adui limeharibika, wengine wanasema Baekje, wengine Yan, we andika alama ya kuuliza uendelee. Sehemu yenye ugomvi mkubwa ni mstari wa mwaka 391 unaowataja Wa kuvuka bahari. Nakala yake ya wino kwenye karatasi ilipelekwa Japani na ofisa wa jeshi miaka ya 1880, wakaisoma kwamba Japani iliwahi kutawala kusini mwa Korea, na unaweza kubuni mwenyewe ilitumikaje walipoitawala Korea kuanzia 1910. Wakorea wanausoma mstari uleule tofauti, maana herufi kadhaa hazisomeki, na watengeneza nakala walishalipaka jiwe chokaa ili herufi zitokee vizuri wauze. Mtu akikuletea tafsiri ya mstari huo bila kutaja hayo, mtilie shaka.

Ukitaka ushahidi nje ya jiwe upo. Mwaka 1946 huko Gyeongju, mji mkuu wa Silla ya kale, lilichimbuliwa bakuli la shaba kaburini na chini ya kitako limechongwa jina la Gwanggaeto na mwaka unaolingana na 415. Bakuli la Goguryeo ndani ya kaburi la Silla, ujue ule msaada wa 400 haukuwa wa bure.

Sehemu ya mwisho ya jiwe watu wengi wanairuka kwa sababu haina vita, kosa kubwa, maana naona ndo sababu jiwe likachongwa. Baada ya jumla ya ushindi, ngome 64 na vijiji 1,400, linaanza kuorodhesha kaya 330 za kulinda makaburi, kijiji kwa kijiji, na 220 kati ya hizo ni za watu aliowateka yeye, kwa agizo lake mwenyewe akiwa hai, alihofia walinzi wa zamani wataishiwa nguvu. Alafu inafuata sheria: kuanzia sasa hata tajiri haruhusiwi kununua mlinzi wa kaburi, atakaeuza ataadhibiwa, na atakaenunua atawekwa yeye mwenyewe alinde.