Klasta ya seva mbili kwa Pacemaker: usiruke hatua ya kuzima

Mwongozo huu unahusu seva mbili zenye AlmaLinux 9, seva1 na seva2, zinazopokezana hifadhidata moja ya PostgreSQL iliyo kwenye diski ya pamoja. Klasta ni seva zinazofanya kazi kama moja, na Pacemaker ndiyo programu inayoamua huduma iendeshwe kwenye seva ipi.

Hatua ya 1. Sakinisha `pcs` (amri za kusimamia klasta), `pacemaker` na `fence-agents-all` (programu za kuzima seva) kwenye seva zote mbili, kisha ziunganishe kwa `pcs cluster setup`. Wapo wanaohariri kwa mkono `corosync.conf`, faili la mipangilio ya Corosync (programu inayoziwezesha seva kuwasiliana). Siwashauri, kwani nakala mbili zikitofautiana kwa mstari mmoja tu utajisumbua bure.

Hatua ya 2. Sanidi namna ya kuizima seva iliyonyamaza. Wengi hapa huandika `stonith-enabled=false`, yaani kuufunga uzimaji huo, ili Pacemaker iache kulalamika, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kwa kawaida Corosync 3.1 husubiri milisekunde 3,000 kabla ya kuhesabu kuwa mawasiliano yamekatika, lakini kimya hicho hakithibitishi kwamba mwenzake amekufa: huenda ni kebo tu iliyochomoka, na seva ile bado inaandika kwenye diski. Zikiandika zote mbili kwenye mfumo mmoja wa faili wa XFS, data imeharibika. Kwa hiyo seva iliyobaki humkatia mwenzake umeme kwanza, kwa `fence_ipmilan`, inayotumia IPMI (njia ya kuiamuru seva kutoka mbali kupitia mtandao), ndipo ichukue huduma.

Angalia mambo mawili. Kwanza, IPMI hutumia umeme wa seva ileile. Pawa saplai ikiungua, IPMI nayo haijibu, uzimaji unashindikana, na klasta inakaa kusubiri huku wateja wakipiga simu. Inafanya sawa kusubiri. Dawa yake ni kuongeza ngazi ya pili kwa `pcs stonith level add`, inayokata umeme kwenye soketi za PDU (kigawa umeme kinachoamriwa kwa mtandao). Seva ikiwa na pawa saplai mbili, soketi zote mbili zizimwe kabla yoyote haijawashwa. Pili, mtandao ukikatika katikati, kila seva itataka kumzima mwenzake, na zote zinaweza kuzimika kwa pamoja. Weka `pcmk_delay_base=5s` kwenye kifaa kinachozima seva1, ili seva2 ichelewe na seva1 iwahi.

Hatua ya 3. Kwa akidi (idadi ya seva inayohitajika ili klasta iendelee), mpangilio wa `two_node`, unaoruhusu seva moja iendelee peke yake, unatosha, ingawa napendelea mashine ndogo ya tatu yenye `corosync-qnetd`, ya kupiga kura ya tatu.

Hatua ya 4. Weka `Filesystem` (diski), `pgsql` (hifadhidata) na `IPaddr2` (anwani ya IP ya huduma) katika kundi moja, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 5. Jaribu. `pcs node standby` huhamisha huduma kwa ustaarabu, kwa hiyo haithibitishi lolote kuhusu ajali. Iangushe seva kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`, huku ukitazama `pcs status` upande wa pili. Ikiwaka tena isijiunge yenyewe: usitumie `pcs cluster enable`, bali soma kwanza `/var/log/messages`, ndipo uandike `pcs cluster start`.