Jinsi ya kusoma daftari na barua za Nietzsche bila kupotoshwa

Wengi wakitaka kujua Nietzsche, yule mwanafalsafa Mjerumani, aliandika nini pembeni ya vitabu vyake wanakimbilia kitabu cha Der Wille zur Macht (Utashi wa Nguvu), jamani kile kiacheni kwanza. Hakukitunga yeye kama kitabu. Akili ilimruka Turin Januari 1889, akafariki 1900, halafu 1901 ndo dada yake Elisabeth na wenzake wakachomoa vipande kwenye daftari zake wakavipanga walivyoona wao, vipande 483, na toleo la 1906 vikafika 1067! Mawazo ya miaka tofauti yamebandikwa pamoja kama vile aliyawaza siku moja, inauma kwa kweli.

Sasa fanya hivi. Ingia tovuti ya Nietzsche Source, ni bure, utakuta maandishi kama walivyoyahakiki Colli na Montinari, wale Waitaliano waliorudi Weimar kwenye makaratasi yenyewe wakayasoma upya moja moja na kuyapanga kwa tarehe. Ukikutana na nukuu popote, omba alama yake ya utambulisho. Mfano NF-1881,12[62], hapo NF ni vipande alivyoviacha, 1881 mwaka, 12 ni kundi, kwa kawaida daftari moja, 62 ni namba ya kipande. Kifungue uone, kimstari kimoja tu tena ndani ya alama za kunukuu, "nimesahau mwavuli wangu". Basi. Derrida, mwanafalsafa Mfaransa, alikijadili kwa kirefu, ila wewe kwanza soma na vile vya jirani, 61 na 63, maana daftari ndo lilivyo, wazo zito limekaa ubavuni mwa kitu cha njiani.

Kijerumani hujui? Bandika kwenye programu ya kutafsiri, ila neno linalokushtua litafute kwenye kamusi kabla hujaenda kubishana nalo.

Barua zake, alama zao zinaanza na BVN. Hapa cheki sana kaandikiwa nani, maana Elisabeth alichezea baadhi, barua aliyoandikiwa mama yao anaharibu sehemu yenye jina kwa wino au kwa moto ionekane kaandikiwa yeye, mpaka miaka ya 1950 Karl Schlechta, mhariri wa maandishi ya Nietzsche, akaanika mambo hadharani.

Na zile za Januari 1889, alizosaini Dionysos (mungu wa mvinyo wa Wagiriki) au Msulubiwa (yaani Yesu), usizirukie. Anza na za Desemba 1888, shuka taratibu kwa tarehe mpaka ile aliyomwandikia Burckhardt, mwanahistoria wa Basel, anayomwambia angependa zaidi kubaki profesa Basel kuliko kuwa Mungu.