Jinsi ya kujua mapema kama tamthilia yako ya Marekani itarudi sizoni ijayo

Kama umeshawahi kuzama kwenye tamthilia halafu ikifika mwezi wa tano unasikia imepigwa chini, unajua inavyouma. Mei ndo stesheni kubwa za Marekani hutangaza ratiba mpya, kwa hiyo anza kusoma reitingi, yaani vipimo vya watazamaji, kabla ya hapo.

Usidanganyike na jumla ya watazamaji. Kampuni ya Nielsen ndo wanaopima watazamaji kule, na kwa miaka mingi macho yote yamekuwa kwa watu wa miaka 18 mpaka 49 sababu hao ndo wenye matangazo wanawalipia zaidi, sasa ukikuta 0.7 maana yake asilimia 0.7 ya watu wote wa umri huo kwenye nyumba zenye tivii. Tamthilia inaweza kuwa na mamilioni ya wazee na bado ikawa pabaya.

Hiyo 0.7 peke yake haikwambii kitu lakini. Iweke pembeni ya tamthilia zingine za stesheni hiyohiyo, ikiwa mkiani ogopa, ila ya Ijumaa usiku isamehe kidogo maana siku hiyo namba zinakuwaga chini.

Halafu tafuta nani anaimiliki, hapa wengi wanaparuka na mimi naona ndo penyewe. Stesheni ikiwa na undugu na waliotengeneza, inapata hela ya matangazo na bado inakula kwenye mauzo ya marudio. Tamthilia ya Brooklyn Nine-Nine, stesheni ya Fox waliikata Mei 2018, kesho yake tu stesheni ya NBC wakaibeba, na waliokuwa wanaitengeneza ni Universal, ndugu wa NBC. Pia ikikaribia episodi 88 au 100 wanaivumilia, marudio yanauzika vizuri zikiwa nyingi.

Ikikatwa usizike bado. NBC waliifuta Manifest Juni 2021, mwezi huohuo ikaingia Netflix ya Marekani ikapanda mpaka juu, Agosti Netflix wakaagiza sizoni ya nne ya episodi 20!

Sisi wa Dar au Mombasa hatumo kwenye hesabu za Nielsen, ila Netflix wanaona akaunti yako iko wapi na umeishia wapi. Kwa hiyo unayoipenda iangalie humohumo, wiki zile za mwanzo, na uimalize yote, ukiichukua kwenye flashi kwa yule jamaa wa muvi hakuna anayekuhesabu.