Kutia rangi bamba la stenlesi kwa leza: mwongozo kwa mafundi wa Mombasa

Rangi ambayo leza huitoa juu ya stenlesi si wino wala si rangi ya kupaka. Mwale unapoupasha moto uso wa bamba, kromi na chuma vilivyomo huungana na oksijeni ya hewani na kufanya utando wa oksidi wenye unene wa makumi hadi mamia ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mwanga unaoakisiwa juu ya utando hukutana na ule unaoakisiwa chini yake, na baadhi ya mawimbi yakakuzana huku mengine yakifutana, kama ionekanavyo dizeli ikitanda juu ya maji bandarini. Utando mwembamba huonekana wa dhahabu. Ukiongezeka kidogo huja hudhurungi, zambarau, kisha buluu. Ukizidi kunenepa hurudi manjano, halafu waridi na kijani. Kwa hiyo fundi hachagui rangi, bali huchagua joto, na kazi yote iliyobaki ni kulifanya joto hilo liwe sawasawa.

Mashine inayofaa zaidi ni leza ya faiba, inayozalisha mwale ndani ya uzi wa kioo, ya aina iitwayo MOPA, yenye mwanga wa nanomita 1064, kwa sababu humruhusu fundi kubadilisha muda wa kila mpigo, yaani kila mweko mfupi wa mwanga. Leza ya faiba ya kawaida, ambayo mpigo wake haubadiliki, hutoa rangi chache na ni vigumu kuzirudia. Ile ya kaboni dioksidi inayokatia mbao na akriliki haifai kwa kazi hii, kwa maana chuma huuakisi mwanga wake kwa sehemu kubwa.

Kabla ya kununua bamba, uliza ni la aina gani. Aina ya 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli, hushika rangi vizuri. Beba sumaku dukani usije ukauziwa aina ya 430 badala yake: hiyo huvutwa kwa nguvu, ilhali 304 haivutwi au huvutwa kidogo tu mahali ilipokunjwa. Ukisha kulipata, libandue plastiki yake, lioshe kwa sabuni ya vyombo, kisha lifute kwa spiriti ya isopropili na uiache ikauke kabisa. Kuanzia hapo lishike kwa glavu, kwa kuwa alama ya kidole iliyobaki chini ya mwale hujitokeza baadaye ndani ya rangi, na hapo haifutiki.

Sasa tengeneza kadi ya majaribio, na usiiruke hatua hii hata kama mteja amesimama mlangoni. Kata kipande kutoka bamba lilelile utakalolifanyia kazi, chenye unene uleule na mng'ao uleule, kisha uchore juu yake vimraba vya milimita 5. Anza na mpigo mfupi wa nanosekunde 10 hivi, masafa ya kilohezi 200 (mipigo 200,000 kwa sekunde) na nafasi ya milimita 0.01 kati ya mistari. Safu kwa safu badilisha kasi. Safu wima kwa safu wima badilisha nguvu. Mengine yote yaache palepale. Hesabu ya kukuongoza ni nyepesi: zidisha kasi kwa nafasi ya mistari, kisha gawa nguvu kwa jibu hilo. Wati 10, kwa kasi ya milimita 500 kwa sekunde na nafasi ya 0.01, hutoa jouli 2 kwa kila milimita ya mraba. Ukiipunguza nafasi kwa nusu, joto huwa maradufu, na mraba uliokuwa wa dhahabu unaweza kugeuka buluu. Andika vipimo nyuma ya kadi, pamoja na urefu wa fokasi na lenzi uliyotumia. Vipimo vya mwenzako wa Nairobi au vya China vitakuonyesha pa kuanzia tu, kwani mashine mbili za kiwanda kimoja nazo hutofautiana.

Eneo kubwa ndilo linalowashinda wengi. Mraba wa milimita 20 kwa vipimo vya hapo juu una mistari 2,000 na huchukua si chini ya sekunde 80, na muda wote huo bamba linazidi kupata moto, kiasi kwamba mwanzo wa mraba na mwisho wake huenda visifanane. Libane bamba juu ya kipande kinene cha alumini kinyonye joto, igawe michoro mipana vipande vipande, na kipumzishe kila kipande kabla ya kuanza cha jirani. Ua la pindo la kanga, kwa mfano, hutoka vizuri zaidi petali zikichorwa kwa kupishana.

Mwanga wa leza hii hauonekani, na bamba linalong'aa huurudisha popote. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa nanomita 1064. Miwani ya jua haikingi chochote. Moshi wa kazi hii unaweza kuwa na misombo ya kromi yenye sumu, hivyo feni iutoe nje ya karakana, isiusambaze ndani.

Limebaki suala la chumvi, ambalo Mombasa halikwepeki. Sehemu iliyotiwa rangi huwa dhaifu zaidi mbele ya kutu kuliko uso uliobaki. Kibao cha jina la mashua, au cha nyumba inayotazama bahari, kichore juu ya aina ya 316, iliyoongezwa metali ya molibdeni ili ikinze chumvi, na mwenye nacho akisuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Vanishi hukinga lakini hubadilisha rangi, basi ijaribu kwanza juu ya kadi. Asidi za kusafishia chuma zinaweza kuuondoa utando kabisa, na stilwuli huukwaruza. Kwa masinia na mabirika ya maharusi, weka jina ukingoni au kwenye kifuniko, mbali na chakula, na umweleze mteja aoshe kwa sifongo laini.