Kumpelekea mgonjwa Ushirika Mtakatifu: somo kwa walei wa parishi za Episkopali

Somo hili ni la walei (waumini wasio na daraja la ukasisi au ushemasi) wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, hasa kwenye parishi zenye ibada ya Kiswahili, wanaotumwa kupeleka Ushirika kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Kabla ya yote shika hili: huendi kufanya ibada mpya. Mkate na divai vimekwisha kuwekwa wakfu Jumapili mbele ya watu wote, na wewe unairefusha meza ileile mpaka ifike kitandani. Anayelisahau hilo ndiye anayeanza kutunga sala za kuweka wakfu sebuleni kwa watu.

Hatua ya 1: Leseni

Kanuni za Kanisa, Sura ya III, kanuni ya 4, kwa kawaida zinataka mpelekaji awe mshiriki aliyethibitishwa (aliyepata kipaimara) na mwenye sifa njema. Kasisi wako anaomba, Askofu anatoa leseni, na leseni ina muda wake. Andika mahali tarehe inapoisha. Dayosisi itakudai pia mafunzo ya kulinda watoto na watu wazima wanyonge. Usiyaone kama urasimu. Unaingia chumbani kwa mtu aliyelala, aliyevaa nguo za kulalia, ambaye pengine hawezi hata kukuambia utoke. Kwa sababu hiyo nendeni wawili kila inapowezekana.

Hatua ya 2: Simu ya Jumamosi

Piga simu kwa mgonjwa au kwa anayemuuguza, na uulize mambo haya kabla hujaanza kuulizia watoto na wajukuu:

- Anameza vizuri? Waliopata kiharusi mara nyingi hupewa vinywaji vilivyotiwa unga wa kuvifanya vizito. Divai ni nyepesi mno kwao, huingia njia ya hewa.
- Anaruhusiwa pombe? Zipo dawa zisizopatana nayo, na wapo walioacha ulevi kwa jasho.
- Ngano inamdhuru?
- Anatumia oksijeni?
- Watakaoshiriki pamoja naye ni wangapi?

Jibu la swali la mwisho ndilo linalokupa hesabu ya hostia (vipande vyembamba vya mkate wa Ushirika): moja kwa kila mtu, na mbili za akiba. Jirani huwa hakosi kuingia.

Hatua ya 3: Mkoba

Ndani ya mkoba kuna kikasha cha hostia chenye kifuniko kinachobana, kichupa cha divai cha kifuniko cha kuzungusha (mililita 15 hadi 30 zinatosha), kikombe kidogo, kitambaa cheupe cha mraba cha kutandika, vitambaa viwili vya kufutia kikombe, msalaba mdogo na Kitabu cha Sala cha 1979, kitabu cha ibada cha Kanisa letu. Ongeza kijiko kidogo cha chuma. Wengi hukisahau, kisha wakajikuta wanahangaika mbele ya mgonjwa asiyeweza kuinua kichwa.

Kichupa usikijaze pomoni. Robo tatu yatosha, maana mkoba hulala ubavu garini. Hostia isiyo na gluteni (protini ya ngano) iwe na kikasha chake peke yake. Ikilala usiku mmoja tu na zile za ngano, chembe zimeshaigusa na haifai tena kwa yule uliyemkusudia.

Kama parishi yenu hutumia mkate wa kuoka, mwombe kasisi aweke wakfu na hostia chache. Mkate wa kuoka hukauka na kubomoka kikashani, na makombo yake huwezi kuyakung'uta tu.

Hatua ya 4: Kutumwa

Baada ya watu kushiriki, kasisi au shemasi hukukabidhi mkoba mbele ya kusanyiko kwa maneno mafupi ya kukutuma. Ondoka hapo hapo. Kanuni inasema mkate na divai vipelekwe bila kuchelewa baada ya adhimisho, na maana yake ya kawaida ni siku hiyohiyo. Chai ya ukumbini itakusubiri wiki ijayo. Njiani usipitie dukani, wala usiuache mkoba kwenye gari lililofungwa juani. Nyumba tatu kwa Jumapili moja zinatosha. Ya nne utaifanya kwa haraka, na mgonjwa ataona.

Hatua ya 5: Kando ya kitanda

Nawa mikono. Ukitumia dawa ya kupaka, ngoja ikauke kabisa kabla ya kugusa hostia, la sivyo ladha yake inahamia kwenye mkate. Msalimie mgonjwa kwanza, kwa jina analoitwa kanisani, Bibi, Mzee au Mama fulani, na ukae. Ukisimama juu yake analazimika kukutazama kwa kukunja shingo.

Sogeza dawa na vikombe kwenye meza, tandika kitambaa cheupe, weka msalaba. Mshumaa ni mzuri nyumbani, lakini penye oksijeni usiwashe kamwe, hata kama mashine imezimwa. Hospitalini usiuulizie kabisa.

Ibada iko kwenye Kitabu cha Sala, ukurasa wa 396 hadi 399, na mfuatano wake ni huu: somo fupi (kitabu kimetoa mistari ya Yohana 3, 6 na 15, lakini Injili ya Jumapili hiyo ndiyo inayomuunganisha mgonjwa na wenzake), maneno mawili matatu ya mahubiri ya asubuhi, sala ya siku na maombi, toba, amani, Baba Yetu, kushiriki, sala ya shukrani. Kwenye toba kuna mtego. Ondoleo la dhambi ni la kasisi. Mlei anasema maneno yaleyale kwa "sisi" na "yetu" badala ya "ninyi" na "yenu". Na ukimaliza usinyooshe mkono kubariki. Funga kwa "Tumhimidi Bwana", nao wajibu "Tumshukuru Mungu".

Kumpa ndiko kunakohitaji utulivu. Mdomo wa mgonjwa ni mkavu, na hostia nzima itamganda kwenye kaakaa. Vunja robo, ichovye kwenye divai, iweke kwenye kijiko, kijiko kiguse mdomo wa chini, ungoje afungue mwenyewe. Tamka maneno ya kumpa: "Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo ukulinde hata uzima wa milele." Mpe maji kidogo kama anaruhusiwa, na usiendelee na sala mpaka umeona koo limemeza. Akitema, ifute kwa kitambaa kimoja, kikunje na ukiweke kando. Hujakosea, wala yeye hajakosea.

Hospitalini dakika 15 zinatosha. Nyumbani tenga 40, kwa sababu chai lazima iletwe. Inywe baada ya ibada, mkoba ukiwa umefungwa.

Hatua ya 6: Kumalizia

Kilichobaki kinaliwa na kunywewa katika nyumba ya mwisho. Usikirudishe kwako wala usikiweke kwenye friji. Kanisani suuza kikasha, kichupa na kikombe kwa maji, uyanywe au uyamwage kwenye sinki ya sakristia (chumba cha vyombo vya ibada) ambayo bomba lake linaingia ardhini. Kisha tu ndipo uoshe kwa sabuni. Mwisho, mwarifu kasisi: nani ameshiriki, nani anamhitaji yeye mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Bwana asifiwe. Mimi nimelelewa Dodoma, kanisa la CMS, misheni ya Kianglikana ya mrengo wa kiinjili. Hatukuzoea mkate kuhifadhiwa wala kubebwa, na Kifungu cha 28 kati ya vile 39 vya imani ya Kianglikana kinasema Kristo hakuagiza hivyo. Hatuvunji imani hapa?

Jibu: Amina. Swali zito, na ndugu zetu wa UMCA (misheni ya Kianglikana yenye desturi za kikatoliki) kutoka Masasi au Zanzibar wangelijibu kwa kushangaa tu, maana kwao ni desturi. Kifungu kinasema Kristo hakuagiza. Hakisemi mgonjwa aachwe na njaa. Justino Mfiadini aliandika katika karne ya 2 kwamba mashemasi huwapelekea wasiokuwepo. Na Kitabu cha 1979 chenyewe kinaruhusu kutenga sehemu kwa ajili ya wagonjwa. Ukiona bado dhamiri inakusumbua, kasisi anaweza kuadhimisha nyumbani kwa mgonjwa. Hilo pia limo kwenye ukurasa wa 396.

Swali: Tumefika hospitali, mlangoni kuna kibao kwamba mgonjwa asile chochote. Nesi anasema hata tone hapana. Turudi?

Jibu: Msirudi, ingieni. Nesi asibishiwe, na msimlambishe mgonjwa kwa siri. Fanyeni ibada yote isipokuwa kula na kunywa. Ukurasa wa 457 unataka mtu huyo ahakikishiwe kwamba anapokea faida zote za Ushirika, ingawa hakupokea kwa kinywa. Mwambieni kwa sauti, polepole. Ikiwa kizuizi ni kwa kimoja tu, mkate pekee au divai pekee ni Ushirika kamili.

Swali: Kichupa chetu kinanuka siki hata tukikiosha. Kwa nini?

Jibu: Fungua kifuniko uangalie ndani. Kuna mpira mwembamba wa duara. Divai hujificha nyuma yake, ikachacha na kuota ukungu. Ung'oe kwa ncha ya kijiti, uoshe, uukaushe usiku kucha kifuniko kikiwa wazi. Mpira ukiwa mweusi, nunueni kichupa kingine.

Swali: Mama amelazwa. Kaka yake yuko Kigoma, anataka kushiriki kwa video ya simu, ameshaandaa mkate wake na soda. Tumkubalie?

Jibu: Mweke kwenye simu, asome somo au aombe, mama atafurahi kusikia sauti ya nyumbani. Mkate wake alioandaa si wa meza hii, kwa hiyo mwambie mapema kwa heshima, asije akaaibika katikati ya ibada. Simu iegemezwe kwenye kikombe, isishikwe na mwenye kumpa.

Swali: Na wajukuu ambao hawajabatizwa wakinyoosha mikono?

Jibu: Kanuni za Kanisa hazimruhusu asiyebatizwa kushiriki. Lakini kitandani pa bibi hapafai kuwa mahali pa kuhojiana. Waliobatizwa katika kanisa lolote wanakaribishwa. Ndiyo maana ya hostia za akiba. Kwa mtoto, muulize mzazi wakati wa kutandika kitambaa, kabla ya kuanza. Kama bado, mwombee kwa jina lake, kisha mwarifu kasisi kwamba kuna familia ya kuzungumza nayo habari za ubatizo.

Swali: Mafuta je? Mzee ameomba apakwe.

Jibu: Mpigie kasisi kwanza. Ukurasa wa 456 unamruhusu shemasi au mlei kupaka panapokuwa na dharura, kwa mafuta yaliyobarikiwa na askofu au kasisi. Mzee aliye na hali nzuri anaweza kumsubiri kasisi hadi Jumanne. Anayezidiwa usiku na kasisi hapatikani, hiyo ndiyo dharura. Mafuta ya kupikia kutoka jikoni hayahusiki.

Swali: Nimesikia jirani wa parishi amelazwa wiki mbili na kanisa halina habari. Hospitali haitupigii?

Jibu: Haipigi. Sheria ya faragha ya Marekani, HIPAA, inawazuia kutangaza habari za mgonjwa hovyo. Waambieni watu wenu wataje dhehebu lao wanapoandikishwa, na mmoja wa nyumbani apige simu ofisi ya kanisa siku hiyohiyo, aseme jina lililoandikwa kwenye kitambulisho. Ukienda kuuliza "Mama Neema" pale mapokezi, hawatampata.